Jembe Lisilo na Udongo

Susuni

Mwita mjukuu wangu,

Marahaba, mura, kijana wangu. Sisi huku tupo. Babu yako analalamikia goti, lakini ugali anaumaliza. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama binti yako Bhoke arudi shuleni sasa shule zinapofunguliwa, na korona bado ipo. Unasema wewe unataka aende, mama yake hataki.

Nilipokuwa darasa la tatu, kipindupindu kilifunga shule yetu. Yaliyotupata hapo katikati nayaacha. Shule ilipofunguliwa, baba alikataa. Mama akasema niende. Akanifunga kibuyu kidogo kiunoni: "Unywe maji haya tu. Hata mwalimu akikupa kikombe, kataa."

Unajua kwetu kukataa kikombe cha mtu ni kama kumwita mchawi. Nilikataa, wenzangu wakaninunia. Moyoni nilisema mama yangu haogopi kitu.

Tulipotoka nilimkuta ameketi kando ya njia, karibu na shule. Asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kupalilia mtama. Jembe lilikuwa mapajani, kavu, halina hata chembe ya udongo.

"Umekunywa ya nani?" akauliza.

Nikampa kibuyu kitupu. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza mdomo chini kuona kama maji yamekwisha kweli.

Kwa hiyo, mura, mkiamua aende, mpe mtoto chupa yake ya maji. Na siku hiyo mama Bhoke akishindwa kufanya kazi, usimuulize kwa nini. Kaa naye.

Ni mimi bibi yako,
Ghati