Chuo Nilichokikunjia Uso

Kariakoo, Dar es Salaam

Shikamoo Mama,

Kwanza niambie goti. Kaka Deo ananiambia umerudi shambani kabla dawa haijaisha, na wewe kwenye simu ukaniambia unapumzika. Sasa nimwamini nani? Ng'ombe je, ameshazaa? Na mvua imeshika huko Kibosho, au bado mnautazama mlima tu? Huku kwetu joto ni lile lile, duka linaenda, watoto wanakula vizuri, na baba yao anauliza utakuja lini kutuona, ingawa jibu analijua.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Barua nimeiweka ndani ya beseni nililokutumia kwa basi, chini ya sabuni. Kaa chini, vaa miwani, usimpe mtu akusomee. Hasa Aika.

Ni habari ya chuo kilichompa nafasi. Ulinituma nikakikague kabla hujamruhusu mdogo wangu kuja, ukasema kwenye picha za simu hata banda la kuku linatoka zuri. Nimekwenda, nimeona. Chuo ni kizuri, Mama, tena kuliko nilivyotegemea. Lakini nimefanya jambo la kijinga ambalo nusura limkoseshe mtoto nafasi, na mpaka sasa halijaisha. Limebaki kwako. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Siku hiyo nilimwachia mwenzangu duka, nikavuka Mnazi Mmoja kwa miguu. Chuo kiko kwenye jengo la zamani la Wahindi lenye roshani za mbao, na chini yake kuna duka la vitambaa. Ukipita haraka huwezi kujua kuwa juu kuna watu wanasoma. Ni cha binafsi, na ni kidogo hasa. Mchana wanafunzi wote wanakaa uani kula pamoja na walimu wao, na hakuna asiyejulikana jina. Mkuu wake ni mama wa makamo, Dokta Hansa, Mhindu mzaliwa wa hapa hapa mjini. Nyumba ilikuwa ya babu yake, familia ikaitoa iwe chuo. Kiswahili chake ni cha mjini kuliko changu mimi niliyekuja na basi.

Alinizungusha mwenyewe. Wewe unanijua, nikaanzia vyooni. Safi. Nikaenda jikoni nikainua mifuniko. Sufuria zao ni nzito, si zile zinazopinda ukizishika na ugali ndani, na kwenye sufuria hanidanganyi mtu. Wanafunzi wanapika kwa zamu, wa kike na wa kiume, hakuna cha mtoto wa nani. Bweni la wasichana liko nyuma, lina mlango wake na mlezi wake, mama mmoja mkali kwelikweli. Aliniuliza mimi ni nani na nimefuata nini, na hapo nimesimama na mkuu wa chuo. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Sasa masomo. Hapa ndipo Kaka Deo anapopiga kelele, nami nilikwenda na kelele zake kichwani. Kile si chuo cha uhasibu wala cha uuguzi. Miaka ya mwanzo mtoto anasoma kila kitu: historia, hesabu, viumbe, ushairi, mpaka kuchora. Baadaye ndipo anachagua la kulishikilia. Nikamuuliza Dokta kama ambavyo ungeuliza wewe: akimaliza hapa atakuwa nani?

"Sijui," akasema. "Na wewe ulipopanda basi kuja Dar, ulijua utauza sufuria?"

Kweli sikujua. Unakumbuka nilikuja kujifunza kushona, nikaishia sokoni Mchikichini na viatu vya mitumba, ndipo nikafika hapa nilipo.

Akanipitisha madarasani. Chumba kimoja walikuwa na pweza ndani ya beseni, wamemtoa soko la samaki la Feri asubuhi na mwalimu wao, wanamchora kwanza kabla ya kumpasua. Chumba cha pili walikuwa wamezunguka meza moja kubwa, mwalimu amekaa katikati yao, hata usingemjua mpaka aseme. Siku moja kabla walikuwa wamekwenda Mnazi Mmoja kusikiliza mkutano wa siasa, sasa wanaubishania. Mwalimu akatoa maoni yake. Binti mmoja, mwembamba kama Aika, akamwambia, "Hapo sikubali, mwalimu," na akasema kwa nini. Unajua mwalimu alifanya nini? Alijikuna kichwa, akasema ngoja afikirie. Mama, machozi yalinilengalenga, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni mtu wa Kariakoo. Kitu nikikipenda, uso unajikunja wenyewe. Ukionyesha umekipenda, umekwisha. Basi tulipokaa ofisini nikaanza: jengo lenyewe limechoka, ngazi nyembamba, honi za magari kutwa nzima, watoto watasikia nini humu. Dokta ananisikiliza, ametulia. Akaniuliza sasa tunasemaje. Nikasimama, nikajitanda kitenge, nikamwambia, "Tutaangalia na kwingine."

Nikatoka polepole. Unajua mwendo ule, Mama, maana umenifundisha wewe. Unapiga hatua mbili, unasimama kama umesahau kitu, unasubiri uitwe: dada, rudi basi, tuelewane. Kwenye ngazi nikasimama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Getini nikasimama kutazama simu. Hakuna aliyeniita. Nikarudi dukani najiambia watapiga tu.

Walipiga, lakini hawakunipigia mimi. Walimpigia Aika. Walimwambia kwa upole kuwa kwa vile familia yake inaangalia kwingine, nafasi yake watampa mwingine anayesubiri. Aika akanipigia analia. Aliponyamaza akaniambia kitu ambacho kimenikaa kifuani mpaka leo.

"Dada, na wewe hutaki? Nilijua Mama hataki. Nilidhani wewe unataka."

Sikufunga hata duka vizuri. Nilikwenda mbio mpaka kwa Dokta Hansa, nimefika jasho linanitiririka. Nikamwambia nilikuwa napatana tu, sikuwa na maana ile. Hakucheka. Akasema mama yake alikuwa na duka la vitambaa hapo chini, kwa hiyo kupatana anakujua, na hata siku ile alihisi. "Lakini hapa mtu akisema hataki, tunamwamini," akasema. "Hao watoto tunawafundisha kusema wanachomaanisha. Mimi nitaanzaje kufanya vingine?" Yule mwingine alikuwa bado hajampigia. Akaniambia nimwambie basi nilichokipenda, kama nilikipenda.

Mama, hakuna kitu kigumu kama hicho. Bora ungeniambia nibebe gunia. Ulimi ulikuwa mzito kana kwamba naibiwa. Nikamwambia nimempenda yule binti aliyesema hakubali, na mwalimu asimgongee meza. Nikamwambia kwetu yuko mtoto anauliza maswali tangu akiwa mdogo, tunamwambia nyamaza, amenyamaza mpaka amezoea. Nataka aende mahali ambapo hatanyamazishwa. Nilipomaliza nilikuwa nalia waziwazi, na safari hii sikusingizia vumbi.

Dokta akaninawisha uso kwa maji ya baridi, akaniagizia chai. Nafasi ameishikilia. Lakini kwa kuwa mimi nimeshasema hapana na ndiyo, anataka kusikia kutoka kwa mzazi mwenyewe. Atakupigia Jumapili ukishatoka kanisani. Hatakuuliza mambo ya ada, hayo mimi na Kaka Deo tumeshayamaliza. Atakuuliza kama unataka Aika aje.

Ndiyo maana nimekuandikia. Ninakujua. Utamwambia huko ni mbali, utamwambia fanyeni mnavyoona, nawe moyoni umeshamshonea mtoto sweta ambalo Dar hatalivaa. Kwenye gulio ulikuwa unazikunjia uso ndizi ulizotaka kununua mpaka mwenye ndizi anaomba radhi. Tulicheka sana zamani. Lakini Aika si mwenye ndizi, Mama, yeye hajui kama unapatana. Kila ukimwambia nenda tu, hata hapa huna kazi, anakuamini. Anadhani akiondoka utapumua.

Mimi najua nyumba itakuwa kimya. Najua ni Aika anayekushika mkono ukiteremka mferejini. Mwambie na hilo. Mwambie utamkumbuka, na mwambie unataka aende, yote mawili, na umwambie leo, kabla ya Dokta kupiga. Akija nitamlea kama wangu, na kila Jumapili atakula kwangu.

Msalimie Baba Mdogo Priskus, katekista wetu, mwambie viti vya kigango bado navitafutia bei nzuri. Msalimie Shangazi Apolonia na sauti yake ya kwaya, na Bibi, umpe sabuni ile ya rangi ya kijani. Kaka Deo mwambie chuo kina pweza, atanyamaza kwa muda.

Sijawahi kukuandikia hili wala kukutamkia: nakupenda sana, Mama. Sipatani. Namaanisha.

Binti yako,
Felista