Bunduki ya Duane ilikuwa "tupu"

Wanda shoga, acha unachofanya usome hii.

Duane, huyu huyu anayewinda na mumeo Merle, leo kaingia duka la bunduki anakouza Krista wangu. Eti afungiwe darubini kabla msimu wa kulungu haujaanza. Kaibwaga bunduki kaunta, mtutu unamtazama mwanangu tumboni. Tumboni, Wanda!

Krista kamwambia, "Bwana Duane, geuza huo mtutu ukutani."

Jitu likacheka! "Tulia mrembo, haina kitu. Kasha la risasi nimeliacha kwenye gari."

Miaka yote hiyo anajiita mwindaji, hajui kwamba ukichomoa kasha risasi moja inaweza kubaki ndani!

Krista akaigeuza mwenyewe, akaikoki. Risasi ikaruka, ikadunda kwenye kioo cha kaunta.

Unajua jitu lile lilisema nini? Pole? Thubutu! "Aa, si moja tu."

Moja tu!! Kwani tumbo la mtu linataka ngapi?

Na bado likadai liitiwe mwanamume wa kuongea naye. Krista anasema wa namna hiyo anao kila siku, sauti debe, akili kijiko. Bosi katoka, kalitimua na bunduki yake.

Sasa mtoto yuko jikoni, ananisimulia upya kwa mara ya tatu.

Lakini sikia lilivyojigamba mlangoni: "Darubini ya nini? Jumamosi Merle anatangulia msituni, mimi nyuma yake."

Nyuma yake, Wanda.

Mfichie Merle buti zake.