Msichana wa Sauti ya Tatu

Basi mdogo wangu, nilikuwa nakwambia kabla simu haijakatika, mwanao kawekwa sauti ya tatu. Lakini hujambo kwanza? Na kifua, bado kinabana? Huku wazima. Mama mguu ni uleule, ila mdomo wake hauna ugonjwa.

Sasa sikiliza. Mwalimu wa kwaya aliwapanga mstari, kila mtoto anafuatisha kinanda, akimaliza anaambiwa pa kusimama. Mwanao alishajihesabu sauti ya kwanza kama wewe enzi zako, na lile gauni ulilomtumia akalipiga pasi kabisa. Mwalimu akamrudisha mara mbili, kisha akamwambia aende nyuma kwa wavulana. Msichana peke yake! Wenzake wakampa jina, Mzee. Shikamoo Mzee, leo umenyoa ndevu? Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nikamwona analia kweli.

Akaanza kunywa maji ya moto na ndimu, eti sauti iwe nyembamba. Wapi! Nikaenda shuleni kumwombea, unanijua sina haya. Mwalimu akaniambia sauti haiombewi, na bila huyo mtoto safu ya nyuma yote inapwaya. Nikarudi kama nilivyokwenda.

Jumapili mtoto anaosha vyombo, anaimba kipande chake. Mama anachambua maharage. Akaacha, akasema huyo ni baba yake mtupu, kwenye kwaya alikuwa anasimama nyuma vilevile na wewe uko mbele yake. Mtoto akauliza, baba si alikufa? Mama akajibu, nani kafa, si yule seremala wa nyuma ya soko, kila siku unampita. Mdogo wangu, nilitamani nimzibe mdomo na hayohayo maharage! Miaka yote tumekutunzia maneno yako, leo yamemwagika kwenye ungo.

Kesho yake mtoto akaenda karakana na sare zake. Akamwomba seremala aimbe naye mstari mmoja tu. Seremala akawasha mashine ya mbao, hakuizima mpaka mtoto alipoondoka. Haya kaniambia kinyozi wa jirani na karakana, si mwanao.

Ila gauni kanirudishia, nimpe ninayemtaka. Na kasema nikwambie siku ya wazazi uje, ukae mbele, yeye ataimba hukohuko nyuma mpaka umsikie. Seremala naye atakuwepo. Yule binti yake wa ndoa kawekwa sauti ya kwanza.

Sijui nikwambie uje au ubaki. Wala sidhani siku ile simu ilikatwa na mtandao, nadhani ulikata mwenyewe uliposikia sauti ya tatu. Mama anakusalimu, anajifanya kasahau kila kitu. Na mimi dada yako...

Ngoja, naitwa mlangoni. Nikajua ni seremala kaja kutugombeza. Kumbe mwanao, kasahau ufunguo.