Jani Nililompa Wekesa Kule Bungoma

Ijumaa. Kitale imenyeshewa mchana kutwa, na matope ya mtaa wetu wa Tuwan yamenila viatu nikitoka Bungoma. Nimelowa hadi soksi, lakini nina furaha. Si ile furaha ya kutolea ushuhuda kanisani.

Wekesa ni naibu wa mwalimu mkuu shuleni kwetu. Nilipoanza kufundisha akili unde, alinicheka mbele ya walimu wote. "Madam Njeri, watoto wa shule ya umma watafanya nini na hiyo kitu? Wafundishe insha kwanza, bana."

Nikaendelea kufundisha. Tulipiga picha za majani ya mahindi, tukaifunza kompyuta kutofautisha jani zima na lenye ugonjwa. Kisha tukaunda programu ya pili na kuifunza uongo makusudi, jani gonjwa tukiliita zima, wanafunzi waone jinsi mashine inavyopotoka ikifunzwa vibaya.

Leo, kwenye semina ya walimu huko Bungoma, Wekesa alisimama kuwasilisha somo langu kama lake. Alikuwa amelinakili kutoka kwenye kompyuta ya shule bila kuniuliza.

Alipokuwa akijiandaa niliona amechukua ile programu ya uongo.

Ningemwambia. Sikumwambia.

Nilitoka nje, nikachuma jani kwenye shamba lililo nyuma ya ukumbi. Lilikuwa la manjano, limekauka kingo, limejaa madoa.

"Nani ako na jani tujaribu?" akauliza. Nikampelekea mwenyewe.

Kompyuta ikaandika kwa herufi kubwa: JANI LINA AFYA.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu mmoja wa shule ya Bokoli akapaza sauti, "Hata ng'ombe yangu inajua hiyo ni mgonjwa!" Wekesa akajaribu tena. Jibu lile lile. Afisa wa elimu akamuuliza sababu, naye akaendelea kubonyeza vitufe.

Nikasimama, nikaeleza polepole jinsi programu ile ilivyofunzwa uongo, kama ninavyowaelezea watoto.

"Nani alitengeneza hili somo?" afisa akauliza.

"Mimi."

Nje, Wekesa alinifuata. "Si ungeniambia, Madam?"

"Si ungeniuliza, Mwalimu?"

Jioni hii nimejaribu kutubu. Maneno yamekataa kutoka.

Mwalimu mkuu amenipigia simu. Kuanzia Jumatatu Wekesa atahudhuria vipindi vyangu ajifunze. Anasema Wekesa ameomba nimruhusu akae nyuma, asione aibu.

Nitamweka mbele, katikati ya watoto.

Na nitamfundisha vizuri sana.