Mpira Ambao Sikuupangusa

Mpendwa mdogo wangu Wandera,

Sijui barua hii itakukuta wapi. Wapo wanaosema uko Jinja, wapo wanaosema ulivuka ukaenda Kisumu, na mtu mmoja wa sokoni aliniapia kwamba alikuona Kampala ukipakia magunia. Barua mbili nilizokuandikia zimerudi hazijafunguliwa. Kwa hiyo hii sikuitia kwenye bahasha. Nimemwomba Mzee Ojambo, mwenyekiti wa timu yetu ya Mpakani, aisome uwanjani Jumapili hii, watu wakiwa wamekaa wanasubiri mechi yetu na Radi ya Tororo. Nataka isikike na pande zote mbili.

Naanza na mpira. Timu nzima ilikuwa na mmoja tu, wa ngozi, wenye kamba ya kufungia kama kiatu, na ulikaa nyumbani kwetu kwa sababu wewe ulikuwa kipa na bati la Mama lilikuwa halivuji. Kila baada ya mechi ulikaa kizingitini ukauweka magotini, ukachovya vidole kwenye mkebe wa mafuta ya kondoo. Mkebe ule niliutundika juu ya samaki wangu wa moshi kutoka Majanji, kwa hiyo mafuta yetu yalikuwa na harufu ambayo haikuwamo katika nyumba nyingine yoyote ya Busia. Wachezaji walilalamika kwamba kila wakipiga kichwa, wake zao wanawauliza walikuwa wapi na muuza samaki.

Kazi ile ulinifundisha wewe. Unapaka kidogo kidogo, unafuata mshono, ili maji ya mvua yasiingie. Kisha unapangusa kwa kitambaa kikavu, na kitambaa chetu kilikuwa kipande cha jezi yako ya kwanza. "Dada, kupaka ni kazi ndogo," uliniambia. "Kazi ni kupangusa. Kama hujapangusa, mpira itateleza kwa mkono ya kipa."

Ilikuwa timu ya maskini, mdogo wangu, na tuliipenda hivyo hivyo. Nusu ya wachezaji walitoka upande wa Kenya na nusu upande huu, wengi wakicheza miguu mitupu, na siku ya mechi kila nyumba ilileta ilichonacho, viazi, uji wa mtama, na mimi samaki. Tukishinda, tulikuwa tumeshinda sote, mpaka bibi aliyeleta ndizi mbili.

Halafu yule tajiri wa malori ya pamba kule Tororo akaamua naye awe na timu. Akaiita Radi. Hakulea mchezaji hata mmoja. Alimchukua winga wetu wa kushoto, akamchukua beki wetu, akawaandika kazi ghalani ingawa hakuna aliyewahi kuwaona wakibeba gunia. Akawapa viatu na jezi zilizopigwa pasi. Mwaka ule Radi walitufunga magoli matatu, na yote matatu yalifungwa na vijana waliokula viazi vyetu. Unakumbuka nilivyotukana. Niliwatukana sokoni wiki nzima, mpaka wateja wa Tororo wakahamia kwa muuza samaki mwingine.

Na wewe ukaja nyumbani na baiskeli mpya.

Sikuuliza umeipata wapi. Uliiegemeza ukutani, ukasimama pale mlangoni ukiwa umeshika kofia.

"Dada, mimi nakwenda Radi. Iko kazi ya mizani, ya kupima pamba."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mnapenda mimi, najua. Lakini kifua ya Mama inataka dawa, na dawa haiko kwa Mpakani."

Ulisema kweli, na ukweli huo ndio ulionichoma. Nilikwambia usikanyage tena jikoni kwangu. Ulikaa chini ukaupaka mpira mara ya mwisho, ukaupangusa, ukaniwekea mapajani na kitambaa juu yake. Toka siku ile mtunza mpira nikawa mimi. Kila mwisho wa mwezi ulimpelekea Mama dawa na sukari, na mimi nilikunywa chai ya sukari ile huku naitukana timu iliyoinunua. Mama alipoacha kukohoa usiku nililala vizuri kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, ile fainali iliyochezwa hapa kwetu. Mashabiki wa Radi walikuja wamesimama juu ya lori la pamba, wanapiga ngoma. Ulitoka ukiwa na jezi ya kijani, na nikakuona umependeza, nikakasirika kwamba nimekuona hivyo. Nusu ya kwanza ulitunyima kila kitu. Vijana wetu walipiga huku na huku, mikono yako ikawa inafika kabla yao. Watu walionizunguka walinigeukia mimi. Mmoja akasema, "Taaka, huyu ndugu yako anatuua na chakula yetu tumboni."

Manyunyu yakaanza. Na kama desturi yetu ilivyo, wakati wa mapumziko mpira uliletwa kwangu nilipokuwa nimekaa, niukaushe na kuutia mafuta upya. Ulipokuwa unapita kwenda kunywa maji ulinitazama ukatabasamu kidogo, kama ulivyokuwa ukifanya nikikupakulia chakula. Nadhani uliona mpira uko mikononi mwa mtu wa nyumbani ukatulia.

Nilipaka, Wandera. Sikupaka kidogo kidogo. Nilichota kwa vidole vitatu nikajaza ngozi yote, na kitambaa nikakikalia. Refa alipokuja kuuchukua nilikuwa nimeufunika kwa khanga, akaupokea ukiwa ndani ya khanga ile ile, akaudondosha chini, akapuliza filimbi.

Shuti lenyewe lilikuwa la kupakata. Lilipigwa kutoka mbali na mtu aliyechoka, likaja limelegea, ukapiga goti ukalipokea. Likapita katikati ya mikono yako likaingia ndani. Uwanja ulilia kwa furaha, watu wakaniinua mimi juu, na nikiwa kule juu nikakuona unaleta viganja puani. Ulinusa. Halafu ukageuka ukatazama moja kwa moja mahali nilipokuwa.

Ungeweza kumwita refa. Ungemnyooshea mikono tu, angesikia moshi wa samaki. Badala yake uliuokota mpira ukaupangusa kwenye jezi yako ya kijani, polepole, ukifuata mshono, ndipo ukaurudisha katikati. Baada ya hapo haukukuponyoka tena. Goli likabaki lile moja, kombe likawa letu.

Yule tajiri hakuwahi kufikiria mafuta. Mtu aliyezoea kununua wachezaji akimwona kipa wake ameachia mpira mlaini mbele ya watu wa kwao, anafikiria nini kingine? Alikuuliza mbele ya lori, watu wote wanasikia, "Wamekupa nini?" Ukamjibu, "Hawakunipa kitu." Akakunyang'anya baiskeli pale pale, na kazi ya mizani ikaishia hapo. Lori likaondoka bila wewe.

Jioni ulikuja kwa Mama. Alikupa chakula ukakila chote, nami nilikuwa nimesimama jikoni nilikokukataza usikanyage. Ulipomaliza ulinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kisha ukaniuliza jambo moja tu.

"Kitambaa iko wapi?"

"Sijui. Imepotea."

"Tafuta," ukasema, ukatoka. Sijakuona tena.

Tangu siku hiyo jina lako halina pa kukaa. Tororo wanasema uliuza mechi. Hapa kwetu wanasema ulijiuza mara mbili, kwanza kwa Radi, kisha kwetu, na vijana wametunga wimbo wa kuwazomea makipa kwa jina lako. Wimbo ule nausikia nikiwa napara samaki. Mimi ambaye mdomo wangu unajulikana toka Majanji mpaka Nagongera, nainamisha kichwa naendelea kupara. Mama ananiuliza kama ni kweli mwanawe aliuza mechi. Namwambia sijui. Nimemjibu hivyo mpaka ameacha kuuliza, na kifua kimerudi.

Sitakudanganya kwamba nimewapenda Radi. Siwapendi, na malori yao yakipita bado natema mate. Ninaona kabisa kwamba mtu mwenye hela amechukua kitu kilichokuwa chetu sote akakifanya cha kwake. Lakini nilizoea kusema wao wananunua na sisi tunatoa jasho, na neno hilo sasa halitoki tena kinywani mwangu. Siku ile jasho lilikuwa lako. Mimi nilitoa mafuta. Nimekuonea, mdogo wangu, na nikakuacha ubebe peke yako aibu niliyoipika mimi.

Nilimsomea Mzee Ojambo barua hii mpaka hapa, dukani kwake, kombe likiwa juu ya cherehani. Alilitazama kombe.

"Taaka, hii tukiisoma, kombe inakwenda Tororo."

"Iende, Mzee."

"Na wewe watakufukuza kwa kiwanja."

"Wanifukuze. Lakini isomwe kwanza."

Akaikunja akanirudishia niimalize, akaniambia mpira wa Jumapili niutengeneze kama kawaida, maana mtunzaji mwingine hajapatikana. Mama naye nimemwambia leo asubuhi. Hakunigombeza. Alikwenda kukung'uta godoro lako akalitoa juani. Kama kuna mtu wa Jinja au Kisumu anayemjua kipa mrefu mwenye kovu kidevuni, amwambie hilo, kwamba Mama amelitoa godoro juani.

Kitambaa hakikupotea. Kimekuwa chini ya godoro langu muda wote huu. Jana nimeupaka mpira kidogo kidogo, nikifuata mshono, kisha nikaupangusa kwa kitambaa chako mpaka mkono ukaniuma. Jumapili kipa wa Radi atakuwa kijana mgeni, sijui hata jina lake, na nitamzomea kwa sauti yangu yote. Lakini mpira ukimfikia, nataka aushike.

Ubaki salama huko uliko, Wandera. Ukiamua kurudi, jiko liko wazi.

Dada yako,
Taaka