Mwanzi wa Kuvulia

Mjukuu wangu Hawa,

Hapa Lobule bibi yako ameanza tena kwenda shambani, na mihogo imekubali.

Unauliza kama ununue fimbo ya kuvulia uliyoiona sokoni Arua, na mshahara wako mdogo. Nilipokuwa kijana niliuza mbuzi nikanunua ya namna hiyo. Majirani waliponiona nikiipeleka mtoni kwa baiskeli, walisonga ugali, wakingoja kitoweo. Nilirudi mikono mitupu. Dada yangu, mwenye mwanzi na uzi wa gunia, alipata kambale wawili.

“Samaki hapana jua bei ya fimbo,” aliniambia. Kisha akanipa mmoja, nikawagawie majirani kama wangu.

Nunua ndoano tu. Mwanzi nimekukatia, unakauka jikoni. Ile fimbo ya dukani ipo, maharage yameipanda.

Babu yako