Nani Atapokea Huo Msamaha

Macquarie Fields, Jumanne, Agosti 2021

Bado nina hasira na rafiki yangu Joseline. Kwa hii lokdauni ya huku ugenini tunatazama habari kila mtu kwake, simu sikioni. Serikali moja ya Ulaya imeomba msamaha kwa vita vya zamani. Akacheka. "Dada, maneno matupu hayo! Waliokufa watafufuka?"

Nikamwambia mimi nayataka hayo maneno. Wanajeshi wa nchi yetu walimuua baba uani kwetu, na mpaka leo hakuna aliyekuja kusema hata pole.

Kwetu Burundi mkosaji huja na pombe ya ndizi. Anaionja yeye kwanza, ijulikane hakutia sumu, halafu familia nzima inakunywa, ndipo yanaisha. Nchi nayo ije hivyo hivyo, watu wakiona.

Joseline akaniuliza: "Sawa. Ikija, itamkuta nani?"

Nikakata simu.

Mama alifia kambini Tanzania. Kaka zangu hawakufika hata huko. Na mwenzangu wa shifti amepatikana na korona, mimi koo linawasha tangu jana, nasubiri majibu ya kipimo.

Kama watakuja, wasikawie. Familia nzima sasa ni mimi.